Askofu Steere na Kanisa la Mkunazini

Safari hii tunawaletea habari za Edward Steere, aliyejenga kanisa kuu mahali ambapo watu walikuwa wakiuzwa.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaacha uwakili akawa padre. Mwaka 1864 alifika Zanzibar pamoja na Askofu Tozer. Huko alikishika Kiswahili hata akaandika kitabu cha kukifundisha, akatafsiri Agano Jipya, na kuwafundisha vijana waliokombolewa utumwani kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1874 akawekwa kuwa askofu.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale sokoni, Mkunazini. Husimuliwa kwamba madhabahu iko mahali pa nguzo walipofungwa watumwa na kuchapwa.

Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa. Shida ilikuwa paa. Wengi wetu hapa Masoro tunaishi kwa vibarua vya ujenzi, basi tutaelewa upesi. Nyumba za Zanzibar zilifunikwa kwa boriti za mikoko, nazo hazivuki chumba kipana zaidi ya mita 3 hivi. Kanisa lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 8. Steere akaamua kumwaga paa kama tao moja refu, zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa. Watu wakasema litaanguka. Mpaka leo limesimama.

Karibu na mlango ziko nguzo 12 zilizosimamishwa juu chini. Inasemekana mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini, naye akaziacha. Wageni huzicheka. Sisi tunazipenda, kwa sababu zinatukumbusha kwamba mikono mingi ilijenga nyumba ile, na kati yao walikuwemo waliowahi kuwa watumwa.

Lakini mtu aliyetekwa mbali huwaza kwao. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la waliokombolewa kutoka Zanzibar. Walishuka Lindi, wakaenda kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa, upande ambako wengi wao walitekwa. Ziwani hawakufika. Walipofika Masasi waliona nchi njema, wakakaa, wakalima. Masasi pakawa kwao, na watoto wao wakawa watu wa Masasi. Jambo hili tunalielewa bila kufafanuliwa.

Steere alifariki Zanzibar mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lake. Mwezi uliofuata Magwangwara walivamia Masasi. Watu waliokwisha kukombolewa mara moja wakakimbia porini, wengine wakatekwa tena.

Masasi haikufa. Tangu mwaka 1926 ni dayosisi, na ina kanisa kuu lake yenyewe.