James Chuma: Kutoka Kongwa la Shingoni hadi Mzigo wa Begani

Katika Injili mambo hugeuka. Msamaria anamhudumia majeruhi ambaye kuhani alimpita, na Petro aliyemkana Bwana anakabidhiwa kondoo. Huku kwetu kusini yupo mtu ambaye maisha yake yalipitia njia hiyo.

Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa bado mtoto, aliokolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa katika nchi ya mto Shire, David Livingstone na wamisionari wa Kianglikana walipowafungua mateka. Mwaka 1865 alibatizwa Bombay, India, akaitwa James. Machi 1866 alishuka Mikindani pamoja na Livingstone, baada ya mdomo wa Ruvuma kukosa mahali pa kuteremshia ngamia wao.

Hakuwa malaika. Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa waliochoka, wakakataa kwenda Ziwa Bangweulu. Mzee akaenda na wachache. Aliporudi aliwapokea tena, akijua kwamba naye ana kasoro zake.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wangeweza kumzika na kwenda zao. Lakini Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba begani kuelekea pwani. Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike palepale, wakakataa. Wenyeji walipoogopa maiti kupita, waliufunga upya kama mzigo wa nguo. Februari 1874 walifika Bagamoyo, mwili ukapokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Aliyeokolewa utumwani sasa alibeba mzigo kwa hiari, na aliyekataa kwenda ndiye aliyefika mwisho wa safari. Ndivyo ilivyokuwa Kalvari: mitume walikimbia, na mwili wa Yesu ukaombwa na Yusufu wa Arimathaya, mfuasi aliyekuwa amejificha kwa hofu.

Mwaka 1881 Chuma alirudi Ruvuma akiwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson. Alifariki Zanzibar mwaka 1882.

Nasi seminarini na parokiani tunao waliotuacha njiani. Tukiwafungia mlango leo, huenda tunamfungia yule ambaye kesho angetubeba.