Trevor Huddleston: Askofu Aliyekataa Kunyamaza

Kuna usemi uliozoeleka sana katika mikutano yetu ya hadhara na katika vikao vyetu vya Chama, kwamba dini na siasa visichanganywe. Usemi huo tunaukubali na tunauheshimu, kwani umechangia sana kulinda umoja wa taifa letu tangu siku za TANU. Hata hivyo tumekwisha kuona kwamba usemi huo huo hutumiwa na baadhi ya watu kwa nia nyingine kabisa. Muumini akisimama mkutanoni akasema kwamba mizani ya ufuta inampunja mkulima, au kwamba mjane amenyang'anywa shamba lake, huambiwa arudi msikitini au kanisani kwake akasali. Hapo usemi ulioletwa kulinda umoja unageuzwa kuwa pazia la kufichia dhuluma.

Ni wajibu wetu basi kuyatenganisha mambo haya mawili, na hatuoni njia iliyo bora kuliko kuyatazama maisha ya mtu mmoja aliyeishi jirani nasi hapa Kusini. Mtu huyo ni Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi mwaka 1968.

Huenda msomaji wa Kilwa Masoko akashangaa. Je, sisi tuliofunzwa Kurani chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali, tuna haja gani na wasifu wa askofu? Jibu letu linaanzia hapa hapa kwetu. Misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa iliteremka hadi Kilwa Kivinje, na huko watu wakapakiwa majahazini kama magunia ya nafaka wakapelekwa Unguja. Misikiti ilikuwapo na adhana ilisikika. Waliokuwa wakinunua na kuuza binadamu walisali, walifunga Ramadhani na walitoa zaka. Hatusemi haya kwa kuidharau dini yetu, Mwenyezi Mungu atuepushe na hilo. Dini haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la waumini walioivua pamoja na kuvaa viatu vyao, walipotoka msikitini kwenda sokoni.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alichukua kundi la watumwa waliokombolewa, akapitia Lindi, akapanda nao bara hadi Masasi. Hivyo ndivyo kanisa la Masasi lilivyoanza: lilianzishwa na watu ambao wenziwao walikuwa wamepitishwa katika bandari zetu wakiwa na minyororo shingoni.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipowaka, misheni ya Masasi ilichomwa moto, na misheni ya Nyangao vile vile. Mwezi Agosti mwaka huo Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa akisafiri kutoka Kilwa kwenda bara, aliuawa pamoja na wenzake. Wapiganaji wetu hawakuwa na wasaa wa kuchagua baina ya bendera ya mtawala na msalaba wa padri, kwa kuwa vyote viwili waliviona vimekuja pamoja. Funzo la mwaka ule ni zito: mwenye dini akikaa kivulini mwa mtawala dhalimu, siku ya hesabu huhesabiwa pamoja naye. Huddleston, ambaye wakati huo alikuwa hajazaliwa, aliishi maisha yake yote kama kwamba amelisoma funzo hilo.

Alizaliwa Bedford, Uingereza, tarehe 15 Juni 1913, akasoma Chuo Kikuu cha Oxford. Angaliweza kuishi maisha ya raha, lakini mwaka 1939 alijiunga na watawa wa Jumuiya ya Ufufuo katika mji wa Mirfield, na baadaye akaweka nadhiri ya kuishi bila mali, bila mke, na kwa utii. Mwaka 1943 watawa wenzake walimtuma Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg. Sophiatown palikuwa mahali pa pekee, kwani ni miongoni mwa sehemu chache sana za miji ya Afrika ya Kusini ambamo Mwafrika aliruhusiwa kumiliki kiwanja. Palikuwa na umaskini na uhalifu, lakini palikuwa pia na muziki, waandishi, na watu wenye heshima zao.

Huko ndiko habari zake zilikoanza kusimuliwa. Siku moja alipita mbele ya mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumishi wa jikoni, akamvulia kofia kwa heshima. Kwetu sisi jambo hilo ni adabu ya kawaida, lakini katika nchi ile Mzungu kumvulia kofia Mwafrika lilikuwa jambo lisilofikirika. Mtoto wa mwanamke yule aliliona, na hakulisahau. Mtoto huyo alikuwa Desmond Tutu. Baadaye, kijana Tutu alipolazwa kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa kifua kikuu, padri yule yule alikuwa akienda kumtazama mara kwa mara. Kijana mwingine, Hugh Masekela, alipewa naye tarumbeta ya kujifunzia, na kutokana na juhudi za Huddleston mpigaji mashuhuri wa Marekani, Louis Armstrong, aliwapelekea vijana wale tarumbeta yake mwenyewe. Tunayataja haya madogo makusudi. Siasa ya Huddleston haikuanzia jukwaani. Ilianzia katika kumwona binadamu aliye mbele yake, kumwamkia, kumzuru na kumpa kitu cha kufanyia kazi.

Mwaka 1948 chama cha Makaburu kilishika Serikali, na ubaguzi wa rangi ukafanywa kuwa sheria ya nchi. Hapa tunaomba msomaji azingatie jambo moja. Makaburu hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa kanisa, wenye kusoma Biblia majumbani mwao, na wanachuoni wao waliutetea ubaguzi kwa maandiko. Walikuwa ndugu, kwa tabia, wa wale wafanyabiashara wa Kilwa Kivinje tuliokwisha kuwataja. Kwa hiyo vita vya Huddleston havikuwa vya Mkristo dhidi ya asiye Mkristo. Vilikuwa vita vya muumini dhidi ya waumini wenziwe walioitia dini yao katika utumishi wa dhuluma.

Sheria ya Elimu ya Kibantu ilipitishwa mwaka 1953, ikikusudia kumfunza mtoto wa Kiafrika kazi ya utumishi tu. Makanisa yalitakiwa kuzikabidhi shule zao kwa Serikali au kukosa ruzuku. Wengi walikubali kwa shingo upande. Huddleston na wenzake waliona ni afadhali kuifunga shule yao mashuhuri ya St. Peter's, ambako Oliver Tambo alisoma na kufundisha, kuliko kuitumia kuwalea watumwa wapya. Tarehe 9 Februari 1955 polisi wenye silaha waliingia Sophiatown kuwahamisha watu, na padri alikuwa pamoja nao barabarani. Mwezi Juni mwaka huo, katika Mkutano wa Watu uliofanyika Kliptown, chama cha ANC kilimtunuku heshima yake kubwa ya Isitwalandwe. Waliotunukiwa naye walikuwa Chifu Albert Luthuli, Mkristo, na Daktari Yusuf Dadoo, Mkomunisti aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu. Watu watatu wa njia tatu tofauti waliwekwa katika safu moja kwa sababu dhuluma waliyoipinga ilikuwa moja.

Baada ya hapo ulifika mtihani uliomwumiza kuliko vitisho vya polisi. Wakuu wa jumuiya yake walimwita arudi Uingereza. Yeye aliyezipinga amri za Serikali alikuwa ameweka nadhiri ya utii, na mapema mwaka 1956 akaondoka kwa huzuni kubwa. Wako waliomlaumu kwa kutii. Sisi tunaona kwamba palihitajika nguvu nyingi zaidi kutii pale kuliko kuasi, kwa kuwa mtu anayedai wengine waheshimu haki hana budi kuziheshimu ahadi zake mwenyewe. Isitoshe, hakuondoka ili anyamaze. Mwaka huo huo alitoa kitabu kilichoieleza dunia hali ya Afrika ya Kusini. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano uliofanyika London kuanzisha harakati za kususia bidhaa za Makaburu, alisimama kuhutubia. Msemaji mwenzake siku ile alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa TANU.

Mwaka uliofuata aliletwa kwetu Kusini. Masasi aliyoikuta haikuwa Johannesburg. Ilikuwa nchi ya Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, yenye barabara mbovu, ukame wa mara kwa mara, na hospitali na shule chache zilizoendeshwa na misheni, kama vile Mkomaindo na Chidya. Aliwakuta Wakristo waliokuwa wakiwapeleka watoto wao jandoni kwa utaratibu uliopangwa tangu siku za Askofu Vincent Lucas, ambaye aliona kwamba mtu hawi Mkristo bora kwa kuzitupa mila zote za wazee wake. Huddleston alijifunza Kiswahili akiwa na umri wa karibu miaka hamsini, jambo ambalo si jepesi, akazunguka kijiji hadi kijiji. Mwaka 1961 nchi ilipopata uhuru, yeye hakuwa mmoja wa wale waliojikunyata wakingoja Mwafrika ashindwe. Aliufurahia uhuru wetu kama wake.

Kisha moto ukawaka ng'ambo ya Mto Ruvuma. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji, na wakimbizi wakavuka kwa maelfu kuingia katika mikoa yetu. Wazee wetu wanakumbuka makazi ya Rutamba hapa Lindi, na kambi ya wapiganaji kule Nachingwea. Aliyeondolewa karibu na waliodhulumiwa wa Afrika ya Kusini alijikuta tena mpakani mwa ukombozi. Na Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, likiwataka viongozi waache ubepari na wasiishi kwa jasho la wengine, askofu huyu aliliunga mkono waziwazi. Halikuwa jambo geni kwake, kwani nadhiri yake ilikuwa imekwisha kumtaka hayo.

Hakuwa malaika. Walioandika habari zake wanakiri kwamba alikuwa mwepesi wa hasira, na kwamba moyo wake haukuacha kamwe kuitamani Afrika ya Kusini. Lakini jambo alilolifanya mwaka 1968 latosha kufuta kasoro nyingi. Akiwa na umri wa miaka 55, na hakuna aliyemfukuza, alijiuzulu uaskofu ili kiti kikaliwe na mwenyeji. Nafasi yake ilichukuliwa na Askofu Hilary Chisonga. Sisi tuliomo katika uongozi, wa Chama na wa Serikali, tulisome jambo hilo mara mbili. Ni rahisi kusema kwamba wenyeji washike madaraka. Ni vigumu kusimama kutoka katika kiti chako mwenyewe ili wayashike.

Baada ya Masasi alikuwa Askofu wa Stepney, mashariki ya London, kisha mwaka 1978 akaenda Mauritius, ambako pia alikuwa Askofu Mkuu wa jimbo la Bahari ya Hindi hadi mwaka 1983. Tangu mwaka 1981 hadi mwaka 1994 alikuwa Rais wa harakati za Uingereza za kupinga ubaguzi wa rangi. Wengi wa rika lake walikwisha kufa bila kuuona mwisho. Yeye aliuona. Nelson Mandela alitoka kifungoni mwaka 1990, na mwaka 1994 Waafrika wa Afrika ya Kusini wakapiga kura. Huddleston alifariki dunia tarehe 20 Aprili 1998, na majivu yake yakarudishwa Sophiatown yakazikwa kwenye kanisa lake la zamani. Kitongoji kile Makaburu walikuwa wamekiita Triomf, yaani Ushindi. Mwaka 2006 kikarudishiwa rasmi jina lake la Sophiatown.

Sasa turudi kwenye usemi tulioanzia. Je, Huddleston alichanganya dini na siasa? Tutazame alichokifanya na asichokifanya. Hakuunda chama cha Wakristo. Hakuomba cheo cha Serikali. Hakutaka kanisa lake lipewe upendeleo juu ya dini nyingine, wala hakuuliza mwenye kuonewa anasali wapi. Huo ungalikuwa udini, nasi tungaliupinga kwa nguvu zetu zote. Alichokifanya ni kukataa kwamba amri ya Mungu ya haki inaishia mlangoni mwa nyumba ya ibada. Hata sisi chuoni tulifunzwa kwamba uovu uondolewe kwa mkono, na asiyeweza kwa mkono autumie ulimi wake, na kwamba kuuchukia moyoni tu ndiyo daraja ya chini kabisa ya imani.

Ndugu wasomaji, sisi wa Kilwa tunaishi juu ya ardhi iliyoona kwa macho yake nini hutokea pale ibada inapokwenda upande wake na biashara upande wake. Hatuna udhuru wa kutojua. Kwa hiyo mtu akisimama tena mbele yetu akasema kwamba dini na siasa visichanganywe, tusikimbilie kupiga makofi wala kuzomea. Tumwulize kwanza kwa utulivu anataka kulinda nini. Akiwa analinda umoja wetu, tumwunge mkono. Akiwa analinda mizani iliyopunjwa, tumwambie kwamba mwenye kusali ana haki ya kuikagua mizani, na kwamba ni faradhi juu yake kufanya hivyo.