Mtu Aliyepima Lava ya Lengai

Nikiwa TP huku kwetu Tanga, niliwaonyesha kidato cha tatu picha ya setilaiti ya Ol Doinyo Lengai. Dogo mmoja wa Raskazone akauliza kama nimeshafika. Wapi! Nikamsimulia Maurice Krafft.

Mfaransa huyu, mzaliwa wa 1946, alizunguka volkano za dunia na mkewe Katia wakipiga filamu. Juni 1988 yeye na Jörg Keller waliipima lava ya Lengai papo hapo: nyuzi 491 hadi 544 tu, wakati lava nyingine huzidi hapo kwa mamia. Ni nyeusi, nyepesi kama oili chafu, ila ikipata unyevu hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi. Ndiyo maana setilaiti huitambua iliyo mpya. Mimi nisingesogea.

Tarehe 3 Juni 1991, mlima Unzen, Japani, wingu la majivu na gesi ya moto liliwaua yeye, Katia na wenzao 41. Siku 12 baadaye Pinatubo ya Ufilipino ikalipuka. Filamu yao ya hatari za volkano ilikuwa imeshaonyeshwa kule, na maelfu walishahama.

Dogo akang'ang'ania: kwa nini asingeangalia tu kutoka juu? Kengele ikaniokoa.