Hamming, aliyeifunza mashine kujisahihisha

Majina ya waliovumbua simu, redio na ndege yanajulikana hata na watoto wa shule ya msingi. Jina la Richard Hamming wanalijua zaidi wale waliosomea tarakilishi, nao aghalabu hulijua kama fomula ya kukariri kabla ya mtihani. Nimeonelea leo niwaandikie walimu wenzangu na wanafunzi wetu habari za maisha yake, kwa kuwa kazi aliyoifanya inatuhusu sisi wenye kalamu nyekundu kuliko tunavyodhani.

Hamming alizaliwa mjini Chicago, Marekani, tarehe 11 Februari, 1915. Alitamani kuwa mhandisi, lakini ujana wake uliangukia miaka ya dhiki kuu ya uchumi, na ufadhili pekee aliopata ulikuwa wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho hakikufundisha uhandisi. Basi akasoma hisabati. Alihitimu mwaka wa 1937, na kufikia 1942 alikuwa amepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Illinois.

Mwaka wa 1945 aliitwa Los Alamos, mahali palipokuwa pakiundwa bomu la atomiki, akapewa kuendesha mashine za kukokotoa. Mkewe, Wanda, alimfuata akaajiriwa huko huko kupiga hesabu. Sitaki kuipamba sura hiyo ya maisha yake. Kazi ile iliishia Hiroshima na Nagasaki. Miongoni mwa hesabu alizotakiwa kuzihakiki ilikuwa ile ya kujua kama mlipuko wa bomu ungeweza kuiwasha hewa yote inayoizunguka dunia. Nadhani mtu aliyewahi kukabidhiwa hesabu ya namna hiyo hawezi tena kuyadharau makosa ya tarakimu.

Vita vilipokwisha, alijiunga na maabara ya Bell mwaka wa 1946. Kwa muda alikaa chumba kimoja na Claude Shannon, ambaye mwaka wa 1948 alithibitisha kuwa ujumbe unaweza kupitishwa katika njia yenye kelele na bado makosa yakapunguzwa kadiri tupendavyo, mradi tusizidishe kiasi ambacho njia hiyo yaweza kubeba. Shannon alionyesha kuwa jambo hilo linawezekana. Namna ya kulitenda ilibaki kitendawili.

Kitendawili hicho Hamming alikwisha kukutana nacho mwaka wa 1947, kwa njia ya kuudhi. Maabara ilikuwa na mashine ya kukokotoa yenye maelfu ya swichi za umeme, iliyosoma maagizo kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Yeye aliruhusiwa kuitumia mwisho wa juma, wahudumu wakiwa wamekwenda nyumbani. Mashine ile ilijua kutambua kuwa imekosea. Siku za kazi ilisimama ikawasha taa, mhudumu akaja kurekebisha. Mwisho wa juma, kwa kuwa hapakuwa na wa kuitika, iliitupa kazi yenye kosa na kushika iliyofuata. Mara mbili mfululizo Hamming alirudi Jumatatu akakuta kazi yake imetupwa. Kwa hasira akajiuliza: ikiwa mashine yaweza kujua kwamba kosa lipo, kwa nini isijue lilipo, ikaliondoa yenyewe?

Jibu alilolipata ni jepesi kiasi kwamba mwanafunzi anayejua kujumlisha anaweza kulifuata kwa penseli. Tuchukue ujumbe wa tarakimu nne, 1011. Hamming aliupa walinzi watatu, jumla zikawa tarakimu saba. Walinzi hukaa nafasi ya 1, ya 2 na ya 4. Ujumbe wenyewe hukaa nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Mlinzi wa nafasi ya 1 huchunga nafasi 1, 3, 5 na 7. Yule wa 2 huchunga 2, 3, 6 na 7. Yule wa 4 huchunga 4, 5, 6 na 7. Kila mmoja huwa 0 au 1, ili idadi ya moja zilizomo katika kundi lake iwe shufwa. Ujumbe wetu basi husafiri ukiwa 0110011.

Tuseme kelele za njiani zimeigeuza tarakimu ya sita, ukafika 0110001. Mpokeaji anahesabu. Kundi la mlinzi wa 1 lina moja mbili, ni shufwa, salama. Kundi la 2 lina tatu, witiri. Kundi la 4 lina moja tu, witiri pia. Jumlisha nafasi za walinzi wanaolalamika, 2 na 4, upate 6. Kosa liko hapo! Na kwa kuwa tarakimu ni 0 au 1 tu, kulijua lilipo ni kulisahihisha. Akipotoka mlinzi mwenyewe, kundi lake pekee ndilo hulalamika, naye hujitaja.

Nimeona madaftari mengi yaliyojaa alama nyekundu za kukosa, pasipo ishara ya hatua ambapo mtoto alipotea. Huko ni kufanya kama mashine ya mwisho wa juma: kutambua kosa na kurukia hesabu inayofuata. Najua mwalimu mwenye wanafunzi sitini atanijibu kwamba hana muda, na jibu lake lina uzito. Hata msimbo wa Hamming una gharama: tarakimu tatu za ulinzi kwa kila nne za ujumbe.

Tena una mpaka. Zikiharibika tarakimu mbili kwa pamoja, walinzi huelekeza kidole pasipo, na mpokeaji huongeza kosa la tatu huku akidhani amesahihisha. Hamming alilijua hilo, akaonyesha kuwa mlinzi mmoja zaidi huwezesha makosa mawili kutambuliwa, ingawa hayasahihishwi. Misimbo ya jamii hiyo ingali inalinda kumbukumbu za tarakilishi kubwa. Simu zetu za mkononi hutegemea misimbo mingine migumu zaidi, iliyojengwa juu ya fikira ile ile.

Makala yake yalichelewa kwa ajili ya taratibu za hataza, yakachapishwa Aprili 1950. Marcel Golay alikuwa amemtangulia kuchapa mwaka wa 1949. Tuzo ya Turing ilimfikia 1968.

Hakuwa mtu rahisi kuketi naye. Wakati wa chakula alikuwa akijiunga na meza ya wanakemia, akiwauliza ni maswali gani makubwa ya taaluma yao, kisha siku nyingine kwa nini hawayashughulikii. Haikuchukua muda wakachoka naye. Alipoondoka Bell mwaka wa 1976 alikwenda kufundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini, Monterey, California. Aliendelea kuingia darasani hadi 1997, na tarehe 7 Januari, 1998, moyo wake ukasimama.