Askofu Maranta: Fukara aliyepewa ngao ya mabwana

HUWEZI kuisimulia historia ya Ifakara na Bonde la Kilombero ukaliruka jina la hayati Askofu Mkuu Edgar Maranta, ingawa makao yake yalikuwa mbali, jirani na bandari ya Dar es Salaam.

Mswisi huyo alizaliwa Poschiavo mwaka 1897, akajiunga na Wakapuchini, watawa wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi walioapa kuishi kifukara. Ni wao waliozishika misheni za Mahenge na Ifakara kuanzia mwaka 1921, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 1930 Roma ilimkabidhi Vikarieti ya Dar es Salaam, ambayo bonde hilo lilikuwa ndani yake. Hapo ndipo penye ajabu. Kwa desturi ya Kanisa, kila askofu huwa na ngao yake binafsi, jambo lililoanzia kwa makabaila wa Ulaya waliotaka kutambulikana vitani hali nyuso zao zimefunikwa chuma. Aliyeapa kutomiliki kitu akastahili nembo kama bwana mwenye ngome! Afadhali Papa Benedikto XV alikwishapunguza fahari hiyo mwaka 1915, alipowakataza maaskofu kuweka mataji ya ukabaila juu ya ngao zao.

Cheo husomwa kwenye kofia. Ya askofu ni ya kijani, yenye vishada sita kila upande. Dar es Salaam ilipofanywa jimbo kuu, Machi 25, 1953, Maranta alistahili vishada kumi.

Nembo ya Wafransisko ni kitu kingine kabisa. Ni mikono miwili iliyopishana mbele ya msalaba, mmoja wa Kristo, ulio wazi, na mwingine wa Fransisko, uliovikwa kanzu, yote ikiwa na jeraha la msumari. Haitaji cheo cha mtu. Katika Ifakara ya wakati wa Maranta, nembo hiyo ndiyo inayosomeka zaidi: hospitali ikapewa jina la Fransisko, wenye ukoma wakatunzwa, na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, aliyepokewa na misheni, akafungua mwaka 1957 maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Maranta alistaafu mwaka 1968 na kufariki dunia mwaka 1975. Ngao ya askofu hairithiwi. Aliyemfuata, Kardinali Laurean Rugambwa, alikuja na yake, yenye kofia nyekundu na vishada kumi na vitano kila upande. Mahenge ilikuwa imekwishafanywa jimbo mwaka 1964, na mwaka 2012 Ifakara nayo ikapata askofu wake, na ngao nyingine mpya.