Bildad Kaggia na Suala la Ardhi

Uhuru ulipowadia mwaka 1963, mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yaliyoanzia Ruiru hadi Thika na kwingineko yalikuwa bado mikononi mwa walowezi na makampuni yao, huku vibarua walioyalima wakiwa hawana hata kishamba cha kupanda mahindi. Je, ardhi hiyo ingewarudia waliopokonywa, au ingebadilisha mabwana tu? Katika viongozi wa eneo hilo, aliyelishikilia swali hili hadi likamgharimu ni Bildad Kaggia, mbunge wa kwanza wa Kandara, jirani na Thika.

Kaggia alizaliwa Dagoretti mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alikuwa mwanajeshi katika Vita Vikuu vya Pili, kisha kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa Mau Mau. Mwaka 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba huko Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne.

Walipofika serikalini njia zao ziliachana. Serikali iliwakopesha wananchi fedha za kununulia mashamba ya Wazungu; Kaggia akashikilia kuwa aliyenyang'anywa hapaswi kununua kilicho chake, na kwamba wasio na ardhi wapewe bure na walime kwa ushirika. Akiwa Waziri Msaidizi wa Elimu alitetea pia maskwota waliokuwa wakifukuzwa. Juni 1964 alipoteza wadhifa huo. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa hadhara huko Kandara, Kenyatta alimkejeli mbele ya wapiga kura wake kwa kutojitajirisha kama wafungwa wenzao. Kwa maoni yangu, kejeli hiyo ni ushahidi mzito wa uadilifu wake kuliko sifa zozote.

Mwaka 1966 alijiunga na chama cha KPU cha Oginga Odinga, akashindwa katika uchaguzi mdogo uliofuata. Alifungwa mwaka 1968 kwa kuhutubia mkutano usio na kibali, na mwaka 1969 akarejea KANU. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, ingawa ni wachache kati yao waliowahi kulala Lokitaung.

Wanyonge wa Ruiru walichangishana, wakanunua ardhi kwa hisa kupitia makampuni kama Githunguri Constituency Ranching. Kaggia alifariki Machi 2005, bila shamba kubwa. Miaka michache baadaye, takriban ekari 5,000 za kahawa karibu na Ruiru zilitengwa kujengwa mji wa Tatu City, na ploti zake huuzwa kwa mamilioni ya shilingi.