Guillaume Duchenne

Guillaume Benjamin Amand Duchenne (Boulogne-sur-Mer, 17 Septemba 1806 – Paris, 15 Septemba 1875) alikuwa daktari wa nchini Ufaransa aliyetumia umeme kutambua kazi ya kila msuli, hasa misuli ya uso.

Maisha

Alizaliwa katika ukoo wa mabaharia, na baba yake alitaka naye aende baharini. Yeye akasomea utabibu mjini Paris hadi mwaka 1831, kisha akarudi kwao. Mwaka 1833 mke wake alifariki kwa homa ya uzazi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Kwa kuwa Duchenne ndiye aliyemzalisha, bila mtu mwingine kuwapo, ulizuka uvumi kwamba kifo kile kilikuwa kosa lake. Mtoto alilelewa na ndugu wa mama, na baba na mwana waliishi mbalimbali kwa miaka mingi.

Mwaka 1842 alihamia Paris. Hakuwa na cheo hospitalini wala chuo kikuu. Alizunguka wodi za madaktari wengine akibeba mashine yake ya umeme, akitafuta wagonjwa waliopooza. Wapo waliomdhihaki, lakini Charcot, aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa magonjwa ya neva, alimheshimu kama mwalimu wake.

Utafiti wa uso

Waliomtangulia walipitisha umeme kwa sindano zilizochomwa mwilini. Duchenne aliweka juu ya ngozi vishikio viwili vyenye unyevu, hivyo akaweza kuamsha msuli mmoja bila kutoboa. Alieleza njia hiyo katika kitabu cha mwaka 1855.

Mwaka 1862 alitoa kitabu kuhusu uso chenye picha za kamera, jambo geni wakati huo. Anayeonekana zaidi ni mzee asiye na meno ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imekufa ganzi; umeme ulimfanya aonekane ana hofu au furaha, naye hana habari. Charles Darwin alitumia baadhi ya picha hizo mwaka 1872.

Duchenne aliona kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo hutii nia, bali ule unaozunguka jicho hukaza kwa furaha ya kweli. Mwanafunzi anaweza kujijaribu mbele ya kioo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba wapo wanaoweza kuuigiza.

Alikosea alipodhani kwamba hisia nyingi zina msuli wake mmoja. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1867 kuhusu mwendo wa mwili, yeye mwenyewe alionyesha kwamba kwa kawaida misuli hufanya kazi kwa kushirikiana.

Ugonjwa wenye jina lake

Madaktari wengi humjua kwa sababu ya ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli unaowapata hasa wavulana, alioueleza kwa kina mwaka 1868.

Baada yake

Duchenne aliingiza umeme ili aone uso ukisogea. Leo hupimwa umeme ambao msuli wenyewe hutoa unapokaza. Watafiti nchini Uholanzi wametumia ishara hizo, zilizonaswa juu ya ngozi ya uso, kutengeneza katika kompyuta mfano wa midomo ya mtu mahususi. Nia ni kwamba daktari anayetaka kukata saratani ya kinywa akadirie kabla ya upasuaji jinsi mgonjwa atakavyoongea, kutafuna na kumeza.